Barua ya kumtoa mtoto kochini: niiandike au nisiiandike?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Mombasa anayeishi Birmingham. Nimelifupisha na kuondoa majina:

"Assalaam alaykum kaka. Mtoto wa dada yangu ana miaka 19. Alikorofishana na baba yake wa kambo, akatolewa nyumbani. Wiki ya saba hii analala kwenye kochi sebuleni kwangu, na sisi wenyewe ni watano katika nyumba ya vyumba viwili. Mtu mmoja msikitini ameniambia kaunsili hawatamsaidia mpaka niandike barua ya kumfukuza. Kaka, mimi ni mama yake mdogo. Nitamwandikiaje mwanangu barua ya kumfukuza? Tena hizo hosteli za vijana nasikia ni bangi na wizi mtupu. Karatasi zote anazo. Mdogo wake wa miaka 16 bado yuko kwa mama yao. Na akienda huko, ataweza kuja kufuturu kwetu?"

Wa alaykum salaam, dada.

Barua iandike, lakini si hiyo uliyoambiwa. Sheria ya England haingoji mtu atimuliwe kwa matusi ndipo imhesabu hana makazi. Sheria ya Nyumba ya 1996 inauliza hivi: je, ana mahali ambapo ana haki ya kukaa, na je, ni jambo linaloingia akilini kwamba aendelee kukaa hapo? Kijana wako analala sebuleni kwa hisani yako. Hana chumba wala ufunguo ulio haki yake, na hawezi kulala mpaka watoto wazime televisheni. Mtu wa namna hiyo anaweza kuhesabiwa hana makazi hata kama hajalala nje usiku mmoja. Wengi wetu hili hatulijui. Tunadhani asiye na makazi ni yule aliyejikunyata na blanketi karibu na stesheni ya New Street, basi tunangoja. Mtoto anazungushwa, wiki kwa mjomba, wiki kwa rafiki wa mjomba. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini hapa jembe la kumpa hatuna, tuna bili ya umeme tu. Mpaka anapofika mezani kwetu sisi tunaowasaidia vijana hawa, jamaa wote wameshamchoka na yeye ameshawachoka, na kazi aliyokuwa nayo imeshapotea kwa kuchelewa.

Tangu tarehe 3 Aprili 2018, ilipoanza kutumika sheria ya kupunguza ukosefu wa makazi iliyopitishwa 2017, halmashauri ya England, ndiyo hiyo kaunsili, ina wajibu kwa kila mwenye sifa ya ukaazi ambaye yuko hatarini kupoteza mahali pa kukaa ndani ya siku 56. Ikiwa ameshapapoteza, wana siku nyingine 56 za kumsaidia kupata pengine. Hawawezi kukwambia "ni mvulana, hana mtoto, hana ugonjwa, nenda zako." Wanatakiwa wamhoji, wamwandikie mpango wake wa makazi, na kila uamuzi waukabidhi kwa maandishi. Ila usichanganye mambo mawili: kusaidiwa kutafuta si kupewa chumba usiku huo huo. Chumba cha dharura ni cha yule ambaye kuna sababu ya kuamini kwamba yuko kwenye kundi la kipaumbele, yaani wale ambao sheria inawatanguliza, na kijana wa miaka 19 haingii humo kwa umri wake peke yake. Hapo ndipo maneno mnayoyatumia nyinyi wenyewe yanapoamua mambo, na nitayarudia.

Kwanza barua. Ninaelewa kinachokuuma. Kwetu kumkataa mtoto ni jambo la kusemwa kwa hasira na kufutwa kesho yake kwa sahani ya pilau. Ukiliandika na kulitia sahihi limekuwa kama radhi. Lakini afisa wa nyumba hatafuti radhi zako. Anataka kujua mambo manne: wewe ni nani kwake, amekaa kwako tangu lini, mnalala wangapi na wapi, na siku ya mwisho unayoweza kumweka ni ipi. Iandike kwa Kiingereza, isizidi nusu ukurasa: huyu ni mtoto wa dada yangu, nilimpokea tarehe fulani kwa muda, baada ya kutolewa kwao, nyumba ina vyumba viwili na tuko watu watano, yeye ni wa sita na analala sebuleni, siwezi kuendelea kumweka baada ya tarehe fulani. Halafu ongeza, kama ni kweli, kwamba mnampenda na mtaendelea kuwa naye karibu. Hilo halimharibii lolote. Kinachomharibia ni barua yenye chumvi. Nimewahi kusoma iliyosema "amekuwa jambazi, sitaki kumwona tena", mwandishi akidhani anamsaidia mpwa wake. Maneno hayo yalimfuata yule kijana kwenye faili mpaka hosteli ya pili, kila anapohojiwa anaulizwa habari za ujambazi.

Tarehe utakayoiweka iwe ya kweli. Kama unaweza kuvumilia wiki tatu, andika wiki tatu, kisha ajiandikishe kesho. Kijana mwenye wiki tatu mbele yake anatafutiwa mahali akiwa amelala na kuoga. Aliyekuja saa kumi jioni siku ya Ijumaa na begi mgongoni anapewa kilichobaki, na mara nyingi kilichobaki ni namba ya simu.

Sasa kuna jambo la pili ambalo hujaliuliza, nalo ni zito kuliko barua yako. Afisa atampigia simu mama yake. Hii simu nimeisikia mara nyingi nikiwa nimekaa kando ya kijana, spika imewashwa. Mara moja, katika halmashauri moja ya huku Midlands, afisa aliuliza kwa upole: "Mwanao anaweza kurudi nyumbani?" Mama akajibu kwa sauti ya heshima kabisa, sauti ya kumjibu mgeni: "Of course, he is my son, the door is open," yaani bila shaka, ni mwanangu, mlango uko wazi. Yule kijana akainamisha kichwa. Mlango aliousema mama ulikuwa umebadilishwa kitasa na mume wake siku tisa kabla, na mama mwenyewe ndiye aliyempitishia mwanawe nguo dirishani. Hakuwa mwongo yule mama. Alikuwa anaisitiri nyumba yake mbele ya mtu wa serikali, kama alivyofunzwa. Afisa aliandika kwamba kijana ana makazi, akafunga faili, na ikatuchukua zaidi ya mwezi kulifungua tena.

Kwa hiyo kaa na dada yako kabla simu haijalia. Mwambie hivi: hawaulizi kama anampenda, wanauliza kama leo usiku mtoto akija atalala ndani. Kama jibu ni hapana, aseme hapana. Kaunsili huenda wakapendekeza kikao cha usuluhishi kati ya kijana na baba wa kambo. Msikatae kwa hamaki, vikao hivyo vimewarudisha wengi nyumbani, hasa pale ugomvi ulipokuwa wa saa za kurudi na vyombo visivyooshwa. Ila kikao si cha kila ugomvi, na hilo linanipeleka kwenye neno lako.

Umeandika "alikorofishana". Dada, neno hilo ni kanga pana, linafunika mengi. Ninakuuliza wewe, usinijibu mimi: alipigwa? Alitishiwa? Simu yake ilichukuliwa, mshahara wake ulichukuliwa, alifungiwa? Kwa sababu tangu Julai 2021, chini ya Sheria ya Unyanyasaji wa Majumbani, mtu aliyekosa makazi kwa sababu ya unyanyasaji wa nyumbani anaingia kwenye kundi la kipaumbele moja kwa moja, na baba wa kambo anahesabika. Si lazima awe mwanamke, si lazima awe na mtoto, na hakuna sheria inayodai kwanza alete ripoti ya polisi. Kijana yule yule, umri ule ule: akisema "tulikorofishana" anaondoka na karatasi yenye orodha ya mawakala wa nyumba. Akisema "alinipiga mbele ya mdogo wangu, na hii si mara ya kwanza", wanalazimika kufikiria chumba cha dharura siku hiyo hiyo. Simwambii mtu atunge. Ninasema lililotokea lisemwe kwa jina lake. Vijana wetu wa kiume hapa hukwama kabisa. Kusema "nilipigwa" mbele ya dada wa kaunta ni aibu kuliko kulala kwenye basi. Mwambie anaweza kuomba chumba cha faragha, na anaweza kwenda na mtu. Nenda naye wewe, lakini wakati wa kuhojiwa mwache aseme mwenyewe.

Njia nyingine za kuingia kwenye kipaumbele nazipitia haraka. Kama aliwahi kuwa chini ya uangalizi wa halmashauri alipokuwa na miaka 16 au 17 na sasa hajatimiza 21, anaingia. Kama ana maradhi ya mwili au ya akili yanayomfanya aumie zaidi kuliko mtu wa kawaida akikosa makazi, anaweza kuingia, na hapo barua ya daktari ndiyo inayosema. Asikubali kuambiwa hawezi kujiandikisha kwa daktari kwa kuwa hana anwani. Anaweza.

"Karatasi zote anazo." Zipi? Neno hili nalo limewaponza watu. Uraia, makazi ya kudumu au hadhi ya ukimbizi, hapo kwa kawaida yuko sawa, ingawa aliyekaa nje ya nchi na kurudi karibuni, hata akiwa raia, anaweza kuulizwa maswali ya ukaazi. Lakini kama alikuja akiwa tegemezi kwenye viza ya kazi ya mama yake, mfano hii ya wauguzi na watunza wazee iliyowaleta wengi wetu miaka ya karibuni, karibu hakika viza hiyo ina sharti la kutotumia fedha za umma, na msaada wa makazi wa halmashauri umo ndani ya sharti hilo. Asiende kujaza fomu za benefiti kwanza halafu akauliza baadaye. Amwone wakili wa uhamiaji au kituo cha sheria cha hisani kabla hajatia sahihi popote. Aingie kwenye eVisa yake, yaani rekodi ya viza yake mtandaoni, asome mwenyewe kilichoandikwa, maana nimekutana na vijana walioapa wana makazi ya kudumu kwa sababu mama aliwaambia hivyo.

Huyo mdogo wa miaka 16, muweke akilini. Akitolewa yeye, mlango wake si wa idara ya nyumba, ni wa ustawi wa watoto, chini ya Sheria ya Watoto ya 1989. Mwaka 2009, katika kesi iliyoihusu halmashauri ya Southwark, Baraza la Mabwana, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, liliamua kwamba mtoto wa umri huo asiye na pa kukaa hawezi kurushiwa idara ya nyumba tu ili ustawi wakwepe wajibu wao. Tofauti ni kubwa, kwa sababu akipokelewa na ustawi anabaki na msaada hata baada ya miaka 18.

Tuje kwenye hosteli. Jina utakalolisikia Birmingham ni St Basils. Ni shirika la hisani lililoanza 1972, makao yake yako kwenye kanisa kuukuu la Heath Mill Lane, Deritend, na linahudumia vijana wa miaka 16 hadi 25. Usishtuke kwa kanisa wala kwa jina la mtakatifu, hawamuulizi mtu dini yake. Hata Centrepoint ya London, shirika jingine la vijana wasio na makazi, ilianzia 1969 kwenye chumba cha chini cha kanisa la Soho. St Basils wanafanya kazi bega kwa bega na halmashauri kwa vijana, kwa hiyo anaweza kuanzia kwao, hana haja ya kuanzia foleni ya watu wazima.

Umesikia bangi na wizi. Sitakudanganya, vipo. Lakini ngoja nikuonyeshe hosteli nzuri ya vijana inavyokuwa. Mlango wa nje unafunguliwa na mtu aliyekaa mapokezi usiku kucha. Chumba ni cha mtu mmoja, kitanda chembamba, kabati, sinki. Jikoni ni la pamoja na kila mmoja ana kabati lake la kufuli, na jokofu ndilo chanzo cha ugomvi wote. Mpe sufuria yake na kikaango chake aviweke chumbani, umemwepushia nyama ya nguruwe ya watu na mechi tatu kwa wiki. Wageni mwisho saa fulani. Kila wiki anakaa na mfanyakazi anayemsimamia, wanafungua akaunti ya benki, wanatafuta chuo, wanahesabu pesa. Akikosa vikao hivyo mfululizo anaandikiwa onyo. Vijana wengi waliofukuzwa hosteli nilikofanya kazi walifukuzwa kwa malimbikizo ya pesa kidogo kidogo, si kwa bangi.

Pesa zenyewe ziko hivi. Kodi ya hosteli huwa kubwa kwa sababu ndani yake kuna huduma, na kwa asiye na kazi hulipwa na ruzuku ya nyumba kutoka halmashauri. Lakini chakula, umeme wa chumbani na mengineyo haviingii humo. Hiyo ni ada ya kila wiki inayotoka mfukoni mwake, na mfuko wenyewe ni Universal Credit, posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ambayo kwa asiye na mwenza aliye chini ya miaka 25 ilikuwa pauni 316.98 kwa mwezi katika mwaka wa fedha wa 2025/26, wakati wa miaka 25 na zaidi alipata 400.14. Mkate hauuzwi kwa umri, lakini ndiyo sheria. Malipo ya kwanza huchukua wiki tano. Anaweza kuomba tangulizi, ila ni mkopo, utakatwa. Akipata kazi, amwombe mfanyakazi wake ampigie hesabu kabla hajakubali saa za ziada, maana ruzuku ya nyumba inakatwa senti 65 kwa kila pauni inayohesabiwa, na nimeona vijana wakifanya zamu za usiku ghalani halafu mwisho wa mwezi wanadaiwa.

Kuna nyumba nyingine za kuogopa kuliko hosteli. Birmingham imekuwa maarufu kwa nyumba za watu binafsi zinazoitwa za usaidizi, zikilipwa kodi ya juu na fedha za umma kwa madai kwamba wapangaji wanahudumiwa. Kufikia 2022 zilikuwa na watu zaidi ya 20,000 mjini humo. Ziko zinazoendeshwa vizuri. Ziko pia ambazo huduma ni meseji moja kwa wiki, na kijana wa miaka 19 analazwa chumba cha pili kutoka kwa mtu mzima aliyetoka jela juzi. Bunge lilipitisha sheria ya kuzisimamia mwaka 2023, lakini macho yako ndiyo usimamizi wa karibu. Akipewa anwani, muulize mwenye nyumba: wanaokaa humo wana umri gani? Mfanyakazi anakuja siku zipi, na anakaa muda gani? Usiku nikipiga simu nani anapokea? Ukiona mwenye nyumba anajibu mwenyewe maswali yote, na kila jibu ni "hakuna shida", mrudishe mtoto kochini usiku huo na upige simu kwa Shelter, shirika la hisani la mambo ya makazi, 0808 800 4444, ni bure. Halmashauri ikimkatalia kwa maandishi, ana siku 21 za kuomba uamuzi uangaliwe upya. Asizipoteze kwa kusubiri mtu wa msikitini atoke safari.

Iko njia ya katikati pia ambayo jamaa zetu wakiisikia hucheka, Nightstop. Ni watu wa kawaida waliochunguzwa na kupata mafunzo, wanaompokea kijana wa miaka 16 hadi 25 chumba cha wageni kwa usiku mmoja au kadhaa, wanampa chakula, bafu, na mashine ya kufulia. "Akalale kwa mzungu asiyemjua?" aliniuliza bibi mmoja wa Lamu, yeye ambaye kwao baraza haikukosa msafiri. Kama kochi lako litakwisha kabla hosteli haijapatikana, hapo ndipo pa kuuliza, na mratibu ataeleza mapema kwamba kijana anafunga na anakula halali.

Kuhusu futari: atakuja. Hosteli haimfungii mtu. Kinachotakiwa ni ajue saa ya mwisho ya kuingia, na akitaka kulala kwenu amwarifu mfanyakazi mapema na asaini, kwa sababu chumba kikionekana hakilaliwi siku nyingi mfululizo, ruzuku inasimama na yeye anahesabiwa amehama. Tarawehe ikichelewa, wapigie mapokezi kabla ya saa hiyo, useme yuko kwako na anarudi saa ngapi.